Mguu Usiosikia

Mimi sipendi watu wanaosema "tulishtukia tu." Hakuna anayeshtukia tu. Ugonjwa hubisha hodi, mtu akajifanya hakusikia. Ule wa mume wangu Sefania ulibisha hodi mwaka mzima. Alikuwa anakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka malishoni, anakwenda haja ndogo kila saa, suruali zinamvuka kiunoni, na sisimizi wamejipanga pale alipojisaidia. Nikamburuta hospitali. Daktari akampima, akamwambia kwa Kiswahili safi kwamba ana ugonjwa wa sukari.

Sefania alicheka mpaka akakohoa.

"Sukari," akaniambia tukiwa njiani kurudi. "Mimi ninayepanga foleni duka la ushirika narudi na nusu kilo, na siku nyingine narudi na mfuko mtupu. Sukari imenipatia wapi? Wakampime mwenye duka."

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, sukari ikionekana dukani watu wanaitana kwa mbio, kwa hiyo kichekesho chake kilipendwa sana. Aliwasimulia wapasua mbao wenzake msituni Magamba, nao wakawasimulia wake zao, hata nikienda shamba la kijiji wanawake wananiuliza kama naweza kuwachovyea mume wangu kwenye chai yao ipate sukari. Vidonge alivimeza mpaka vikaisha. Kurudi hospitali kuchukua vingine, hakurudi. Nilimwambia, "Sikio la kufa halisikii dawa." Akasema masikio yake ni mazima, kinachomsumbua ni miguu.

Na kweli miguu ilimsumbua. Usiku ilikuwa inawaka moto. Huku kwetu juu, mwezi wa sita ukungu unaingia mpaka chini ya kitanda, mtu na akili zake hulala amejikunja na koti. Sefania alikuwa anatoa miguu nje ya blanketi, anaikanyagisha kwenye sakafu ya udongo ipate ubaridi, anasaga meno. Nikimgusa kidole cha mguu anaruka. Nilikuwa naamka namkuta amekaa, amezishika nyayo zake kwa mikono miwili, na mwanamume huyo hakulia hata siku mti ulipomvunja mkono.

Hezekia ndiye aliyekuja kumwombea. Alikuwa mwinjilisti wa mtaa wetu, kiongozi wa watu wa uamsho, mtu mwema. Nasema mwema kwa sababu najua nitakayoyasema mbele yatawafanya mmwone vingine. Alivuka bonde kila jioni kuja kwetu, akapiga magoti sakafuni, akamwekea Sefania mikono miguuni, akaomba mpaka jasho likamtoka katika baridi ile. Hakuomba hata kikombe cha uji.

Haukupita muda, moto ukazimika. Kidogo kidogo, kisha wote. Sefania akalala usiku kucha, nami nikalala. Jumapili akasimama mbele ya usharika, akasema, "Bwana asifiwe. Mlioniona nikichechemea, nitazameni. Moto umekwisha. Nimepona." Watu wakaimba, wakamkumbatia. Mimi pia niliimba. Ningekuwa jiwe nisiimbe.

Sasa, kwetu ushuhuda si mazungumzo ya kilabuni. Ukishasimama mbele ya watu wa uamsho ukasema Bwana amekutendea jambo, neno hilo halirudi mfukoni. Mtu akishuhudia kwamba ameacha pombe, kisha akaonwa na kata ya kunywea mkononi, husemwa amerudi nyuma, na kurudi nyuma ni kubaya kuliko kutoanza. Mkumbuke hilo, maana ndilo lililotaka kuniulia mume.

Kazi yake nayo. Sefania alikuwa mpasuaji wa juu. Gogo hulazwa juu ya shimo, mmoja husimama juu ya gogo, mwingine huingia shimoni, msumeno mrefu unapanda na kushuka kati yao. Wa chini hula vumbi la mbao. Wa juu ndiye fundi, yeye ndiye anayeuongoza msumeno kwenye mstari, na hufanya kazi peku, vidole vya miguu vimeng'ang'ania gogo. Sefania alikuwa akisema mguu ndio unaomwambia kama mti una fundo ndani. Wenzake walimwita mgosi, yaani mwanamume hasa, kwa heshima, hata waliomzidi umri.

Baada ya kupona kwake, akaanza kukosea mistari. Mbao zikatoka nene upande huu, nyembamba upande ule. Siku moja mwenzake wa shimoni, Mussa, alinikuta kisimani akasimama mbali kidogo.

"Shikamoo, mama Yunis."

"Marahaba."

"Baba Yunis anatazama miguu yake anapofanya kazi," akasema. "Zamani alikuwa hatazami. Jana ameteleza, nusura aniangukie na msumeno."

Nilirudi nyumbani na ndoo kichwani. Nilimuuliza Sefania. Akasema gogo lilikuwa na unyevu.

Kisha ikaja jioni ile ya mwezi wa saba. Mvua ya manyunyu, moshi umejaa jikoni, tumekaa kuzunguka mafiga kama kila familia ya huku milimani. Mimi namenya viazi, binti yetu Yunis anachambua maharage, Sefania amekaa kwenye kigoda amenyoosha miguu motoni, anatusimulia habari za mkutano wa kijiji na jinsi mwenyekiti alivyosinzia wakati wa hotuba yake mwenyewe. Tunacheka. Katikati ya maneno akanyamaza, akanusa.

"Mama Yunis," akasema, "unaunguza nini?"

Nikatazama chungu. Chungu kilikuwa na maji. Nikatazama kama ngozi ya mbuzi ninayokalia imeangukia motoni. Yunis ndiye aliyeona. Alinyoosha kidole tu, na uso wake ukawa kama majivu.

Kisigino cha baba yake kilikuwa kimelalia kinga la moto. Kimelalia, kimetulia, kama mtu anavyoegemea mto. Ngozi ilikuwa imekunjamana na inatoa moshi mwembamba, na yeye amekaa pale, mkono mmoja gotini, anasubiri nimjibu ninaunguza nini.

Nilimvuta mguu nikaanguka nao chini. Akaniuliza, "Vipi wewe?" Kwa mshangao kabisa, kama nimepandwa na wazimu. Nikauinua ule mguu mpaka karibu na macho yake. Akautazama. Akaugusa kwa kidole. Akaubonyeza pale penye nyama nyekundu, akanitazama, akabonyeza tena. Sijawahi kuona mtu mzima akiogopa vile.

"Twende hospitali kesho," nikasema.

Akavuta mguu, akaufunika na koti. "Nilisimama mbele ya usharika," akasema. "Nilisema nimepona. Nikienda hospitali nimemfanya Mungu mwongo."

"Mungu hakusema umepona. Wewe ndiye uliyesema."

Akaenda kulala.

Mnaweza kuuliza kwa nini sikumbeba mgongoni. Nilijaribu kila njia ninayoijua, na mimi si mtu wa njia za upole. Niligomba, nilinyamaza, nilimnyima chakula, nikampa. Nilimwita Hezekia, nikidhani yeye atamwambia aende. Hezekia akatazama kitambaa kilichofungwa mguuni, hakutazama kidonda, akasema, "Adui hurudi kujaribu nyumba aliyofukuzwa. Usimpe nafasi, ndugu Sefania." Wakaomba. Nilipotoka kumsindikiza mpaka njiapanda nikamuuliza ni adui gani huyo anayenuka namna hii. Akainamisha kichwa. "Mama Yunis," akasema, "imani yako ni ndogo." Labda. Lakini pua yangu ilikuwa nzima.

Sefania aliendelea kwenda msituni. Hilo ndilo lililokuwa likinitisha kuliko yote, kwamba aliweza kwenda. Mtu mwenye kidonda cha vile anatakiwa awe kitandani analia. Yeye alishuka na kupanda mlima, akasimama juu ya gogo, akarudi jioni kitambaa kimelowa, akaketi akala. Nilikuwa namtazama akitembea uani nasikia mwenyewe uchungu kwenye kisigino changu. Usiku nilikuwa najifanya nimelala, kisha nanusa upande wa miguu. Nilikuwa naomba, na ombi langu lilikuwa aumwe. Nilimwomba Mungu amrudishie mume wangu yale maumivu.

Kidole kidogo kikawa cheusi. Halafu cha pili yake. Kisha asubuhi moja akashindwa kuamka, mwili unachemka, anamwita mama yake aliyekufa zamani, na mguu umevimba mpaka chini ya goti, umekuwa na rangi ya zambarau. Sikumuuliza mtu. Nilikwenda kwa Mussa na wapasua mbao, nikawaambia, "Leteni machela." Wakakata miti, wakafunga mablanketi, wakambeba mpaka barabarani. Hezekia alikuwa amesimama kando ya njia na Biblia kifuani. Tulimpita, nami sikumsalimu. Lori la magogo likatuchukua.

Hospitali walimwekea maji na sindano. Alipopata fahamu vizuri, daktari akaja na sindano ndogo na pamba. Akanivuta pembeni kwanza akaniambia kidonda kimeingia ndani, vidole viwili vimekufa na vitakatwa, na kama ubaya ule umeshapanda, mguu utakatwa chini ya goti. Mwenye mguu mmoja hasimami juu ya gogo. Hapandi hata njia ya kwetu kutoka kisimani. Nikashika chuma cha kitanda.

Daktari akamwambia Sefania, "Mzee, funga macho. Nitakuchoma kidogo kidogo. Kila ukisikia, sema."

Akafunga macho. Daktari akamchoma kidole gumba. Akachoma unyayo. Akachoma juu ya mguu, kwenye kifundo, kwenye mfupa wa muundi. Damu ndogo ndogo zilikuwa zinatokea kama alama za nyuki. Sefania ametulia, amefunga macho, uso wake umekaa kwa adabu kama mtoto anayesubiri kubatizwa. Nilitaka kumpigia kelele aseme kitu, adanganye hata. Daktari akahamia mguu wa kulia, ule mzima, usio na kidonda, akaanza tena kutoka kidoleni. Kimya. Mimi nilikuwa nimeogopea mguu mmoja, kumbe ilikuwa miwili.

"Daktari," akasema Sefania, bado amefunga macho, "nipo tayari. Anza tu."

Daktari akanitazama. Nikaelewa kwamba ananiachia mimi.

"Ameshamaliza, baba Yunis," nikasema.

Alifumbua macho, akaona zile alama za damu kwenye miguu yake miwili. Alilia. Nilimshika kichwa nikalia naye, na wagonjwa wengine wakageukia ukutani kutupa faragha.

Baadaye daktari alitueleza taratibu. Sukari ikizidi katika damu kwa muda mrefu huiharibu mishipa ya fahamu, na huanza mbali, kwenye miguu. Ule moto wa usiku ulikuwa mishipa hiyo ikilia. Ilipokufa ikanyamaza. "Ulipoacha kuumwa ndipo ulipotakiwa kukimbia kuja hapa," akasema. Sefania aliuliza kama mishipa hiyo huota tena. Daktari akasema asiitegemee, ategemee macho.

Walikata vidole viwili na nyama ya kisigino. Siku baada ya siku nilikaa nikitazama uvimbe kama unashuka au unapanda, naogopa kuuliza, naogopa kutouliza. Ulishuka. Mguu ukabaki.

Tuliporudi nyumbani nikawa mimi ndiye askari wa miguu ile. Kila jioni kabla giza halijaingia, namkalisha mlangoni penye mwanga, naiosha kwa maji niliyoyapima kwa kiwiko changu, si kwa mguu wake, naifuta katikati ya vidole, naishikia kipande cha kioo aone unyayo mwenyewe. Jikoni anakaa nyuma yetu, mbali na mafiga, na blanketi magotini. Peku hatembei hata kwenda chooni. Fundi viatu wa Lushoto mjini alimshonea viatu vipana, vya ngozi laini ndani, na huko msituni anaingia shimoni sasa, yeye ni wa chini, na Mussa ndiye anayesimama juu. Vumbi la mbao linamwangukia usoni. Jioni akirudi nalitoa nyusini mwake kwanza, kisha nashuka miguuni. Na kila nikiinua kile kioo naogopa nitakachokiona.

Kilichobaki kilikuwa kanisa. Watu walikuwa wanampongeza kwa kuponywa mara ya pili, na wengine, wale wa kusengenya, wanasema vidole viliondoka na imani yake. Ilikuwa baada ya Krismasi, pichesi zimeiva kila uani, ndipo Sefania alipoomba nafasi ya kusema. Sikujua atasema nini. Nilikaa upande wa wanawake nikiwa nimeikunja leso yangu mpaka imekuwa kamba.

Alisimama na fimbo yake.

"Bwana asifiwe," akasema. Wakaitika. "Nilisimama hapa nikasema mguu umepona. Haukupona. Ulikuwa umekufa. Nilikuwa namshukuru Mungu kwa maiti, na maiti yenyewe naivuta mwenyewe." Akameza mate. "Naurudisha ushuhuda ule. Aliyewaka moto miguuni kisha moto ukazimika, asiimbe. Aende hospitali akapimwe sukari. Mimi naogopa, ndugu zangu. Naogopa kila siku. Afadhali na nyinyi muogope."

Hakuna aliyeitika amina. Hezekia, aliyekuwa anaongoza ibada siku hiyo, alisimama mbele amekishika kitabu cha nyimbo, akafungua ukurasa, akaufunga, akafungua mwingine. Mwishowe akataja wimbo na watu wakaimba bila nguvu. Nilijisemea basi, tumetengwa. Nilikuwa tayari kutengwa, nimeshazoea mabaya kuliko hayo.

Ibada ilipokwisha watu walitoka uani. Sefania alitoka na Mussa. Mimi nilibaki kuokota leso yangu chini ya benchi, na nilipoinuka nikamwona Hezekia amekaa benchi la mbele peke yake. Hakuwa ananitazama.

"Mama Yunis," akasema, "ule moto ukizimika, huzimika wote mara moja, au kidogo kidogo?"

Nilimwendea, nikapiga magoti sakafuni, nikafungua kamba za kiatu chake cheusi cha Jumapili. Akaongeza, "Mimi ulizimika kidogo kidogo, tangu Pasaka," wakati nilipokivuta. Kitu kikagonga sakafu. Kokwa la pichesi, lenye mikunjo na ncha, limelowa damu. Soksi ilikuwa imegandamana na unyayo. Watoto wake walikuwa wamekula pichesi asubuhi, bila shaka, wakatupa makokwa popote, moja likaangukia kiatuni, na yeye alikivaa hivyo hivyo, akashuka bonde, akapanda huku, akasimama ibada nzima.

Akaliokota, akaligeuzageuza kiganjani. Mikono yake, ile aliyomwekea mume wangu, ikapakaa damu. Hofu ya uso wake naijua, niliiona kwa Sefania jikoni kwangu jioni ile ya manyunyu.

"Usimwambie mtu," akasema kwa sauti ya chini. "Nakuomba, dada yangu. Nisaidie, lakini usimwambie mtu."

Nilimwonea huruma, na nilimwogopea mno kiasi kwamba huruma haikunifaa kitu. Nilisimama, nikaenda mpaka mlangoni. Usharika mzima ulikuwa bado umejaa uani, wamesimama makundi makundi, wananong'ona habari zetu. Mke wake alikuwa karibu na ngazi, amebeba mtoto.

"Rahabu," nikaita, kwa sauti ya kufika ng'ambo ya bonde. "Njoo ndani uone mguu wa mumeo. Na nyinyi wengine, kateni miti ya machela."